Vyumba kwa Mifuko Mitatu: Sehemu ya Tisa

Ulipolikunja gazeti Jumamosi iliyopita, msomaji, kitasa cha chumba namba 512 kilikuwa kinazunguka, na Asimina Vlachou alikuwa amesimama katikati ya zulia, miguu peku, mswaki mdomoni.

Mlango ukafunguka.

Hakuwa mhudumu wa chai. Alikuwa Thrasos Kalpakis, mwenye Hoteli Porfyrion, ndani ya suti ya kijivu, na marashi yake yalikuwa yameshatangulia kuingia. Mkononi alishika rundo la karatasi.

"Habari za asubuhi, Bi Asimina," alisema. "Au nikuite Bi Despina, kama ulivyojiandikisha jana pale mapokezi?"

Asimina alitema povu la dawa ya meno kwenye glasi. Miaka minane alikuwa akilala katika hoteli za Thesaloniki kwa majina ya binamu zake, ili aandike kitabu ambacho kila mgeni wa maonyesho ya biashara ya Septemba hukitia mkobani: wapi pa kulala kwa mfuko mwepesi, wapi kwa mfuko wa kati, wapi kwa mfuko mzito. Miaka minane, na hajakamatwa hata siku moja.

"Hapa kwenu mwenye hoteli huingia chumbani kwa mgeni bila hodi?"

"Nimebisha."

"Hukungoja jibu. Hilo nitaliandika."

Thrasos alicheka, akazirusha zile karatasi kitandani. Asimina akazitazama. Zilikuwa kurasa za kitabu chake cha mwaka huu. Kitabu ambacho kilikuwa hakijachapwa.

Kwenye ukurasa wa mfuko mwepesi, jina la kwanza lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu: Nyumba ya Wageni ya Pelagia. Juu yake lilikuwa limeandikwa jina jipya: Porfyrion Nafuu.

"Umezipata wapi hizi?"

"Swali zuri, ila halikusaidii. Kinachotakiwa ni saini yako hapo chini. Mtambo wa kuchapa unaanza saa nne."

"Na Mama Pelagia amekukosea nini?"

"Nyumba yake iko nyuma ya hoteli yangu. Mara tatu nimetaka kuinunua, mara tatu kanifungia mlango. Akikosa wageni msimu huu, wakati wa baridi atanitafuta mwenyewe."

Aliyasema hayo kama mtu anayeagiza kahawa.

"Fotis mhariri wako anastaafu mwakani," aliendelea. "Kile kiti mimi naweza kukupatia."

"Na nikikataa?"

Thrasos aliokota karatasi ya mwisho, jalada la nyuma, akasoma kwa sauti: "'Mwandishi amesomea uendeshaji wa hoteli nchini Uswisi.' Nimeuliza huko Uswisi, Bi Asimina. Hawakujui. Lakini mafaili ya hoteli yangu yanakujua vizuri sana. Ghorofa ya tatu. Mhudumu wa vyumba. Ulikuwa unasugua vyoo vyangu."

Asimina alihisi masikio yanawaka. Maneno yale ya Uswisi hakuyaandika yeye. Fotis ndiye aliyeyaweka, kitabu cha kwanza kabisa, akasema yanasaidia mauzo. Lakini yeye aliyasoma akanyamaza. Mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa nane.

"Nikitoa faili lile, nani tena atakuamini?" aliuliza Thrasos.

Asimina akavaa viatu vyake.

"Hivyo vyumba vyako vya nafuu," alisema, "nionyeshe. Mimi siandiki kitanda nisichokiona."

* * *

Walishuka kwa lifti ya watumishi. Ghorofa ya chini. Kisha chini zaidi.

Mlango wa lifti ulipofunguka, Asimina alivitambua vile vigae kabla taa hazijawaka. Hapa palikuwa chumba cha dobi. Hapa alisimama misimu minne akipiga pasi, mvuke ukimbabua vifundo vya mikono.

Sasa palikuwa na ukumbi mwembamba na milango mitano. Thrasos akafungua mmoja. Kitanda, taa, picha ya meli ukutani, na pazia zuri la samawati kutoka dari hadi sakafu.

"Yuro thelathini na tano," alisema Thrasos kwa majivuno. "Katikati ya mji! Nani mwingine anatoa bei hiyo?"

Asimina alikwenda moja kwa moja kwenye lile pazia akalivuta.

Ukuta. Ukuta mtupu, rangi bado mbichi.

"Dirisha liko wapi?"

"Mtu wa mfuko mwepesi anakuja kulala. Hana kazi na dirisha."

Asimina alitoka, akaenda hadi mwisho wa ukumbi. Pale kwenye mlango wa dharura palikuwa na mnyororo, na kwenye mnyororo kufuli la ukubwa wa ngumi.

"Na hili?"

"Watu walikuwa wanaingiza marafiki zao usiku bila kulipa."

"Moto ukiwaka je?"

"Usilete uchuro, mwanamke!"

"Bwana Thrasos," Asimina alisema, "wakati hapa palipokuwa dobi, hata shuka tulikuwa tunazipandisha juu zikapate hewa. Wewe unataka kulaza watu."

"Saini!"

Alimpa ule ukurasa wa mfuko mwepesi na kalamu. Asimina akaipokea. Akaiweka karatasi ukutani, akaandika kwa herufi kubwa zilizokata ukurasa kutoka pembe hadi pembe: HAPANA.

Akamrudishia kalamu yake, akapanda ngazi kwa miguu.

* * *

Ni watu wawili tu waliokuwa na kurasa zile duniani. Mmoja ni Asimina mwenyewe. Mwingine alikuwa ofisini kwake barabara ya Egnatia, anakula keki ya bugatsa, sukari ya unga imemwagikia tai.

"Ulimpa wewe," Asimina alisema kabla hajafunga mlango.

Fotis Zournas alimeza kwa shida. "Kaa kwanza."

"Sikai. Ulimpa wewe?"

"Asimina, mdogo wangu, amenunua kurasa sita za matangazo. Sita! Karatasi imepanda bei, wino umepanda. Wewe umeniletea nini? Kibibi chenye vyumba saba!"

"Vyumba saba vyenye madirisha saba. Umeenda kuviona vile vya Porfyrion?"

"Sina haja."

"Viko kaburini, Fotis. Na mlango wa kutokea umepigwa kufuli."

Fotis alikwepa macho yake. Akajifuta vidole kimoja kimoja. "Mtambo unaanza saa nne. Ukisaini, vizuri. Usiposaini, nakitoa hivyo hivyo, jina lako nalifuta. Kurasa ni mali ya kampuni, soma mkataba wako."

"Na jina?"

"Jina ni lako."

"Basi natoka nalo."

Alikuwa ameshashika mlango Fotis aliposema, polepole, kama mtu anayechomoa kisu: "Nje ya mlango huu wewe ni nani, Asimina? Mfanya usafi tu."

Asimina aligeuka. Nusu ya maisha yake alikuwa akiogopa kulisikia neno lile. Sasa limesemwa, na dari haikuanguka.

"Mfanya usafi," alikubali. "Na wewe una uchafu kwenye tai."

* * *

Mama Pelagia alikuwa jikoni kwake akikunja wali ndani ya majani ya mzabibu. Miaka sabini na minne, mgongo umenyooka, aproni imefungwa kama mkanda wa askari. Alisikiliza habari yote bila kuinua macho.

"Kwa hiyo nimefutwa," alisema mwishoni.

"Umefutwa, mama."

"Sasa niambie kitu kimoja, na usinidanganye. Uliniweka wa kwanza kwa kunihurumia?"

"Sikukuhurumia. Nililala hapa siku tatu mwezi wa tano kwa jina la Bi Zafiria, nimevaa wigi na miwani."

"Mama yangu! Yule aliyelalamikia godoro?"

"Ndiye mimi. Godoro lako gumu, mama. Lakini shuka zinanuka jua, bafu linang'aa, na asubuhi ulinipa mayai mawili bila kuniuliza kama nimelipia chai."

Pelagia alianza kucheka, akajizuia. "Na mabomba? Uliyaandika mabomba?"

"Mabomba sikuyaandika."

"Kwa nini? Yanalia alfajiri kama punda! Mgeni akilala hapa bila kuambiwa ataniita mwongo. Yaandike."

"Niyaandike wapi, mama? Kitabu kimeshanitoka."

Bibi yule alikung'uta wali mikononi, akavua aproni. "Treni ya Athens inafika saa ngapi?"

"Saa sita na robo."

"Kabla ya hicho kitabu chenu, watu wakishuka pale kituoni walikuwa wanamuuliza nani mahali pa kulala?"

Asimina alimkodolea macho.

"Walikuwa wanauliza watu," alisema Pelagia. "Lete kalamu."

Waliandika karatasi moja tu, kwa mkono, safu tatu. Mfuko mzito: hoteli mbili za ufukweni, na onyo kwamba moja inatoza hata slipa za chumbani. Mfuko wa kati: tatu, mojawapo nzuri kwa wenye watoto. Mfuko mwepesi: nne, ya kwanza Pelagia, pamoja na mabomba yake. Chini kabisa Asimina aliongeza: Porfyrion Nafuu haimo humu. Vyumba viko chini ya ardhi, havina dirisha, na mlango wa dharura una kufuli. Nimeviona leo asubuhi.

Halafu akasita. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu.

"Unangoja nini?" aliuliza Pelagia.

Akaandika: Ameandika Asimina Vlachou. Sijasoma Uswisi. Nilikuwa mhudumu wa vyumba, misimu minne, Hoteli Porfyrion.

Duka la vifaa vya shule kwenye kona liliwatolea fotokopi mia tatu, zikiwa bado na joto.

* * *

Treni ilishusha watu kama gunia lililopasuka. Wachuuzi, wanunuzi, mabegi ya magurudumu, watoto wanalia. Asimina alisimama kwenye benchi mbele ya lango, karatasi mkononi.

"Wapi pa kulala! Mifuko yote mitatu! Bure!"

Wa kwanza alikuwa binti mmoja mwenye begi kubwa kuliko yeye. "Dada, nina yuro arobaini tu, na nisiwe mbali na chuo."

"Ya pili kwenye mfuko mwepesi. Omba chumba cha nyuma, cha mbele kina baa chini yake. Na usikubali kulipia taulo."

Kisha mume na mke na mapacha. "Mwepesi au wa kati?"

"Ulikuwa wa kati kabla ya hawa," alisema mume, akiwaonyesha mapacha.

"Ya tatu hapa. Watakupa vitanda vya watoto bila kuongeza bei. Waambie Asimina kasema."

Kwa dakika ishirini palikuwa na foleni. Foleni! Mama Pelagia alikuwa akigawa karatasi upande wa pili na kumwambia kila mtu, "Ya kwanza ni mimi, mabomba yanalia, usije ukasema hukuambiwa."

Ndipo mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo, na marashi yakafika kabla ya mwenyewe.

"Msimsikilize huyo!" Thrasos alipasua umati. "Huyo ni tapeli! Muulizeni kasomea wapi! Kitabu chake kinasema Uswisi. Mwongo! Alikuwa anasugua vyoo hotelini kwangu!"

Watu waligeuka. Yule mume akawavuta mapacha karibu. Mikono iliyokuwa imenyooshwa kupokea karatasi ikarudi nyuma.

Asimina angeweza kushuka kwenye benchi, akaondoka, akabadilisha mji. Badala yake akaikunjua karatasi akainyanyua juu ya kichwa.

"Someni mstari wa mwisho!" alipaza sauti. "Nimeshaandika mwenyewe! Uswisi ni uongo, niliuachia miaka minane, na leo nimeukataa. Vyoo ni kweli. Nimesugua vyoo vyake, nimegeuza magodoro yake, nimeona chini ya vitanda ambako yeye hajawahi kuinama! Mtu wa Uswisi angewaambia nini kuhusu kitanda ambacho mimi sijui?"

Mwanamke mmoja alipiga makofi mawili, akaacha. Kisha mwanamume mnene mwenye kofia ya majani, muuza mashine za shamba kutoka Larisa, akasogea mbele.

"Samahani," alisema. "Mimi nimeshalipia hiyo Porfyrion Nafuu. Siku tano. Ni kweli hakuna dirisha?"

"Mwenyewe huyu hapa, kaka. Muulize."

Watu wote wakamtazama Thrasos.

"Kuna..." alianza. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. "Kuna pazia."

Kicheko kilicholipuka kilifika hadi kwenye majukwaa. Muuza mashine alivua kofia. "Pazia! Nirudishie hela yangu, bwana! Sasa hivi!" Na wengine watatu wakatoa risiti mifukoni, wakamzingira.

Thrasos alijichomoa akarudi nyuma hadi kwenye gari. Kabla ya kuingia alimnyooshea Asimina kidole. "Hujui unachocheza nacho."

"Najua," alijibu Asimina. "Nimekifulia shuka."

* * *

Umati ulipopungua, alibaki mwanamke mmoja. Miaka hamsini na kitu, miwani myeusi, koti la gharama kubwa lililofungwa kifungo kwenye tundu lisilo lake. Alikumbatia mkoba mdogo wa ngozi ya kahawia.

"Na mimi nipe karatasi."

"Mfuko gani, dada?"

"Mwepesi," alisema mwanamke yule. "Tangu saa tatu asubuhi ya leo."

"Siku ngapi?"

"Sijui. Nataka mlango wenye komeo la ndani."

Asimina akamchukua hadi kwa Pelagia, wakampa chumba namba tatu, kile kinachoona kipande cha bahari kati ya majengo mawili. Pelagia akafungua daftari la wageni.

"Jina, mwanangu?"

Mwanamke yule akavua miwani. "Efterpi Kalpaki."

Kalamu ya Pelagia ikasimama. "Mke wa Kalpakis?"

"Kwa leo, bado." Aliketi kitandani. "Ile hoteli aliijenga baba yangu. Mimi ndiye niliyemwachia Thrasos aiendeshe, na miaka ishirini na nane sikuwahi kumpinga hata kwa chumvi ya mezani. Asubuhi alipanda juu nyumbani na karatasi imeandikwa HAPANA. Akavunja sahani. Nikamuuliza nani kaandika. Akasema, mfanya usafi mmoja." Alimtazama Asimina. "Nikashangaa. Kumbe neno lile linaweza kuandikwa mbele yake, na mtu akatoka mzima. Nikafungua kabati lake la chuma, nikachukua kilichokuwemo, nikashuka ngazi."

Kabla Asimina hajajibu, simu yake ikalia. Thrasos. Lakini sauti haikuwa ile ya kituoni. Ilikuwa ya mtu anayeomba maji.

"Bi Asimina. Mke wangu yuko hapo? Sikiliza. Kuna mkoba wa kahawia. Usifunguliwe, tafadhali. Taja unachotaka. Kufuli nalitoa leo. Madirisha natoboa kesho. Pelagia namrudisha wa kwanza, kwa herufi za dhahabu. Ila mkoba usifunguliwe."

Asimina alimgeukia Efterpi. Ufunguo mdogo wa mkoba ulikuwa tayari umeshazunguka.

"Umechelewa, Bwana Thrasos," alisema, akakata simu.

Ndani ya mkoba mlikuwa na hati nyingi, na ya juu kabisa ilikuwa na muhuri wa wakili mthibitishaji na saini mbili. Asimina aliusoma mstari wa kwanza, akaurudia. Ilikuwa hati ya mauzo. Nyumba ya Wageni ya Pelagia, vyumba saba, ardhi na kila kilicho juu yake, imeuzwa kwa Thrasos Kalpakis. Na muuzaji ametia saini.

"Mama," alisema taratibu, "hii saini ni yako?"

Pelagia aliisogeza karatasi karibu na dirisha.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Lakini sijawahi kuigusa karatasi hii maishani mwangu."

"Tazameni tarehe," alinong'ona Efterpi.

Asimina aliitazama. Leo ilikuwa tarehe nne Septemba. Hati ilikuwa imesainiwa, imethibitishwa na imepigwa muhuri tarehe tano.

"Ni ya kesho," alisema.

Mama Pelagia alikunja hati ile mara mbili, akaitia ndani ya aproni. Akaenda kwenye mlango wa mbele na kuufungua wazi, akaburuta kiti chake cha jikoni, akakiweka kizingitini, akaketi ameutazama mtaa.

"Basi waje," alisema. "Nataka nione huyo Pelagia mwingine aliyetia saini ana sura gani."